Mama Maimouna Feruzi, Mpimaji wa Ngozi ya Waya, Anaaga Kazi

Tarehe 31 Desemba 1996 Mama Maimouna Feruzi atavua koti lake la buluu baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi. Ishirini kati ya hiyo aliifanya katika karakana ya kusuka mota kule Kanengo, Lilongwe. Miwili ya mwisho ameifanya hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, baada ya karakana kumwazima kwa idara yetu ya maji na umeme. Anaondoka kwa sababu ya mtoto wa jicho. Jicho la kulia limekwisha, la kushoto linafuata. Anasema mshale wa kipimo siku hizi anauona kama miwili, na mtu anayeona mishale miwili hana haki ya kuwaambia wenzake wawashe au wazime.

Kamati ya sherehe imenipa mimi, Dieudonné Lwaboshi, mwendesha pampu, kazi ya kuandika wasifu huu, kwa kuwa ndimi niliyefanya naye kazi kwa karibu zaidi. Najua karatasi za namna hii zinavyotakiwa kuwa: kicheko kidogo, sifa nyingi, picha kama ipo. Kicheko kitakuwepo. Lakini nilipomwambia Mama kwamba nitaandika, alinijibu neno moja tu: "Usinipambe." Nimejaribu kumtii.

Alizaliwa Kindu, katika mtaa wa wafanyabiashara Waislamu karibu na mto, na bibi yake alimfundisha kusuka mikeka kabla hajajua kusoma. Aliolewa na Lukman, muuza vitenge, mtu wa safari. Wawili hao walishuka na marobota yao kupitia Kigoma na Mbeya, wakafika Lilongwe wakati mji unaanza kugeuzwa kuwa makao makuu, barabara bado ni vumbi na kila mtu anajenga. Biashara ilikuwa nzuri. Kisha malaria ikamchukua Lukman, na Mama akabaki mjane kijana katika nchi ambayo lugha yake alikuwa bado anaiokota sokoni.

Karakana ya Kanengo ilikuwa inatafuta watu wa kusuka mota. Msimamizi alimpa kila aliyekuja kuomba kazi kipande cha mota iliyokufa na waya wa shaba, akamwambia aupenyeze waya katika mifereji bila kuukwaruza. Waya wa mota una ngozi nyembamba ya vanishi, nyembamba kuliko ya kitunguu, na kucha tu inatosha kuiharibu. Wanaume waliokuwa mbele yake waliuvuta waya kama kamba ya ng'ombe. Yeye aliupitisha kwa ncha za vidole, kama alivyokuwa akipitisha ukindu. Alianza kazi siku hiyohiyo.

Alisuka mota kwa miaka sita, ndipo akahamishiwa kwenye meza ya upimaji, na hapo ndipo alipokaa. Kwa wale ambao hawajawahi kumwona akifanya kazi, nieleze. Chombo chake ni sanduku zito lenye mkono wa kuzungusha, ambalo mafundi huliita mega. Ukiuzungusha mkono, sanduku linasukuma umeme mkali ndani ya waya, na mshale unaonyesha ngozi ya waya inauzuia kwa nguvu gani. Mafundi wengine husema kihami. Yeye amesema ngozi tangu siku ya kwanza na hatabadilika sasa. Ngozi ikiwa nzima na kavu, mshale unapanda, na kadiri unavyozidi kuzungusha ndivyo unavyozidi kupanda. Ikiwa imeshika unyevu au imeanza kuoza, mshale unainuka kidogo kisha unakaa palepale, kama mgonjwa aliyejaribu kuketi kitandani akashindwa. Kwa nje mota zote mbili zinafanana, na ukiziwasha zote mbili zinazunguka. Tofauti ni kwamba moja itazunguka miaka kumi, nyingine inangoja siku ya kuua mtu.

Kwa hiyo lazima uzungushe bila kuchoka na bila kubadili mwendo, kwa muda uleule kila mara. Mama hakuwa na saa. Alipima muda kwa kusoma Alhamdu kimoyomoyo, mara kadhaa, midomo ikicheza, na wateja wapya walidhani anaziroga mashine zao. Nyandwi, dereva wetu Mrundi, Mkristo wa kweli, aliwahi kuomba ajaribu kwa Baba Yetu. Vipimo vyake vyote vilitoka vibaya, mpaka ikagundulika kwamba kila akikaribia "utuokoe na maovu" anakimbia ili afike kwenye amina. Mama alimwambia: "Weye, ata Mungu anakusikia na haraka."

Kanengo walimpa jina. Mota yenye joto haitoi kipimo cha kuaminika, kwa hiyo hakupima mota iliyotoka kuzunguka. Siku moja mwenye chigayo cha Mtandire aliileta mota ya mashine yake ya kusaga ikiwa bado inachoma mkono, akasihi, akapiga magoti, akasema watu wanangoja unga. Mama alileta kigoda, akakaa kando ya mota, akasema, "Dikirani." Ngoja. Mtu yule akangoja. Tangu hapo karakana nzima, pamoja na mwenye karakana, ilimwita Amayi Dikirani, yaani Mama Ngoja.

Alipoletwa Dzaleka mwishoni mwa 1994, kwa sababu ya fani yake na kwa sababu ya Kiswahili chake, kazi ya kwanza ilikuwa majengo ya gereza la zamani ambamo kambi ilianzia. Nyaya zake zilikuwa za mpira uliokauka mpaka ukawa kama ganda la mti. Ukiukunja, unakatika na kumwagika sakafuni. Alipima chumba kwa chumba, akakata karibu zote. Familia zilizokuwa zimepangwa humo zikarudi kwenye vibatari. Kwa hiyo wengi kambini walimjua kwanza kama yule mama aliyeleta giza, na watoto walimwimbia wimbo ambao sitauandika hapa.

Mimi nilifika mwaka uliofuata kutoka Uvira, na mke wangu Odette na watoto wanne. Rosette, wa mwisho, alikuwa na miaka mitatu. Nilikuwa nimewahi kuendesha jenereta ya kiwanda kule nyumbani, nikapewa jenereta ya kisima. Sasa nafika kwenye jambo ambalo kila mtu aliyekuwepo Oktoba 1995 anajua kwamba siwezi kuliruka.

Kisima kile kirefu ndicho kilichonywesha kambi. Ndani yake, chini kabisa, ilikaa pampu na mota yake, zikining'inia kwenye bomba la chuma, na waya umeshuka nalo sambamba. Mama alipima mota ile kila wiki kutoka juu, kupitia waya, na kuandika kwa chaki ukutani mwa kibanda cha jenereta. Hakujali sana kipimo cha siku moja. Alitazama mteremko. Mwezi wa saba kipimo kilishuka kidogo. Wa nane kikashuka zaidi. Wa tisa, alipozungusha, mshale uliinuka na kukaa palepale, na haukupanda tena hata aliporudia.

"Baba Rosette," akaniambia, "kule chini ngozi imefunguka mahali. Sijui wapi. Lakini imefunguka."

Siku chache baadaye Régine, mshonaji kutoka Fizi ambaye wakati huo tulimjua tu kama mmoja wa wanawake wa foleni, alikuja kibandani kutoka bombani na ndoo tupu.

"Mama, ile robine iko nanikamata," alisema.

"Inakukamata namna gani?"

"Ku mikono. Kama sisimizi. Batoto banacheka, banaigusa, bananyang'anyana zamu."

Mama alifunga macho. Nikaelewa kwa nini. Umeme ulikuwa unatoroka chini na kupanda kwa bomba la chuma mpaka kwenye mabomba ya kuchotea, ambako wanawake walisimama peku kwenye matope. Leo ni sisimizi. Ngozi ikipasuka zaidi, itakuwa mkono ambao hauwezi kuachia.

Alasiri hiyohiyo alikwenda mbele ya kamati ya maji kuomba pampu izimwe. Nilikuwepo. Mwenyekiti wake alikuwa Épitace, mwalimu wa kilimo, mtu mwenye haki, na naomba asomaye asimfanye mbaya katika habari hii. Ulikuwa mwezi wa joto kali kuliko yote, mvua bado mbali, na kila wiki malori yalikuwa yanashusha watu wapya.

"Utazima kwa siku ngapi?" Épitace alimwuliza.

"Sijui. Tutaitoa, tutaona. Kama ni waya peke yake, siku mbili. Kama mota imekunywa maji, lazima iende Kanengo ikauke."

"Na bantu bote hawa, watakunywa nini?"

"Iko pampu ya mkono."

"Moja, Mama. Ile ingine imekufa."

"Najua."

"Tumeomba gari la maji kutoka Lilongwe. Halijajibiwa. Ungojee lije, halafu uzime. Ukizima leo watu wataenda ku dambo, kule kinamasini. Unajua maji ya dambo."

"Najua na hiyo," alisema. "Lakini nikiacha, atakufa mutu ku robine. Sijui ni nani. Najua tu atakuwa mwanamuke ao mutoto, sababu wao njo wanachota."

"Na ukizima, nani atakufa?"

Kamati ikapiga kura: pampu iendelee mpaka gari la maji lithibitishwe. Épitace alisema uamuzi kwa upole, karibu kwa kuomba radhi. Mama alisema zikomo, asante, kwa wote, akainuka, akatembea moja kwa moja mpaka kibandani, mimi nyuma yake.

"Zima," akaniambia.

"Kamati imesema..."

"Nilisikia. Zima, Baba Rosette. Nitasema ni mimi."

Nikazima. Alifungua waya wa pampu kutoka kwenye swichi, akafunga ncha zake kwa utepe mweusi, akakaa kwenye kizingiti cha mlango. Mabomba yalipokauka watu walikuja. Kwanza walikuja kuuliza, kisha kupiga kelele. Alitupiwa udongo. Mwanamke mmoja alipaza sauti juu ya wote: "We uko na robine ku nyumba yako kule Area 18! Utajua nini?" Hilo nililiona likimwingia. Ilikuwa kweli, alikuwa na bomba ndani ya ua wake huko mjini Lilongwe. Tangu siku hiyo mpaka kazi ilipokwisha hakurudi kwake. Alilala kwa Régine, akapanga foleni ya pampu ya mkono kwa ndoo yake kama wengine, na wengine wakampita makusudi, naye akawaacha wampite.

Kuitoa pampu kulichukua siku nzima. Tulisimamisha miguu mitatu ya mbao, tukafunga mnyororo, wanaume wakavuta bomba kipande kwa kipande huku mmoja akifungua viungo. Épitace mwenyewe alikuja akavuta, bila kusema neno juu ya kura. Karibu na mwisho tukaona. Waliochimba kisima walikuwa wameunga waya kwa utepe wa kawaida, ule wa dukani, na maji yalikuwa yameuvua. Ngozi ilikuwa imepasuka kwa urefu wa kiganja, shaba imekaa wazi, na pale bomba lilipogusana nayo chuma kilikuwa kimeliwa kikawa cheusi. Mota nayo ilikuwa imekunywa maji.

Épitace alipitisha kidole kwenye lile doa jeusi. "Basi," akasema.

Alfajiri tuliipakia mota kwenye pikapu, Nyandwi akiendesha, Mama mbele, mimi nyuma nimeishika isigonge. Rosette alikuwa amesimama mlangoni na kipande cha nsima, ugali wa jana, mzima kabisa. Nasema hivyo kwa sababu nimejiuliza mara nyingi.

Kanengo waliifungua mota, wakaisafisha, wakaiingiza katika tanuri. Kukausha mota si kuipika. Moto ukizidi, vanishi inapasuka na umeharibu kila kitu. Ukipungua, maji yanabaki ndani na baada ya mwezi unarudi palepale. Lazima mtu akae nayo, aupunguze moto na kuuongeza, aitoe, aiache ipoe, aipime, airudishe. Karakana ilikuwa na vijana wa kufanya hivyo. Mama hakumwamini hata mmoja kwa mota ile, na sidhani alikosea. Walikuwa na mota nyingine nyingi, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameuona ule umati. Tulikaa kando ya tanuri usiku wa kwanza na siku iliyofuata. Vipimo vilipanda polepole. Kila akitikisa kichwa, nilijua mtu anachota dambo.

Nyandwi alikuwa amerudi kambini kupeleka mabomba mapya. Siku ya pili, jua likiwa juu, alirudi, akasimama mlangoni mwa karakana bila kuingia. Nilidhani gari limeharibika.

"Dieudonné," akasema, "kuja."

Kuhara kulikuwa kumeanza kambini siku ileile tuliyoondoka. Odette alimtuma mkubwa wetu kwenye pampu ya mkono. Foleni ilikuwa inazunguka jengo la stoo, na mtoto alirudi jioni na ndoo tupu. Watoto walikuwa na kiu. Akachota dambo, akachemsha kwa kuni alizokuwa nazo, ambazo hazikutosha. Rosette alianza kabla ya mapambazuko. Kliniki walimpa walichokuwa nacho, kisha wakamweka kwenye gari la Nyandwi na mama yake, waende hospitali ya Likuni. Hawakufika naye hai. Odette alikuwa Likuni wakati huo, amekaa kwenye benchi na mtoto mapajani, na alikuwa amemtuma Nyandwi anitafute.

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka Mama alikuwa ameshika mkono wa mega na hakuuachia. Kipimo kilikuwa bado chini. Mota ilihitaji siku hiyo nzima na usiku wake. Alinitazama, kisha akaitazama tanuri, na nikaona kwamba anahesabu, na nilimchukia kwa kuhesabu.

"Enda," akasema. "Enda kwa Mama Rosette. Mi nitabaki na mota."

"Huji?"

"Nikikuja, maji inangoja kesho. Ao kesho kutwa." Aliutazama mshale. "Bengine iko na batoto, Dieudonné."

Hiyo ndiyo mara pekee aliyoniita kwa jina langu. Alivua kitenge alichojifunga juu ya koti, akaniwekea mikononi, akageuka akaanza kuzungusha. Nilipokuwa napanda gari nilisikia lile sanduku likinguruma, mwendo uleule, bila kupungua.

Tulimvika Rosette kitenge kile. Odette aliuliza ni cha nani. Nilipomwambia, aliuliza mwenyewe yuko wapi. Nikamwambia.

"Alibaki na mota," Odette akasema. Hakuuliza, alirudia tu, kama mtu anayejifunza neno la lugha ngeni.

Maji yalirudi siku mbili baadaye, kabla ya adhuhuri. Mama alisimamia kila kipande cha bomba kikishuka, waya mpya na kiungo alichokifunga kwa mikono yake, tabaka juu ya tabaka, na alipima baada ya kila kiungo. Aliamuru pia kila bomba la kuchotea lifungwe waya wa kupeleka umeme ardhini. Kisha akaosha mikono, akaja matangani kwetu. Alikaa chini kwenye mkeka, mbele ya Odette.

"Mama Rosette, mi njo nilizima maji," akasema.

"Najua."

"Na sikukuja Likuni."

"Najua na hiyo."

Odette aligeuza uso ukutani. Mama alikaa pale mpaka jioni. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemwandalia chai.

Kliniki ilisema baadaye kwamba siku zile hawakufa wengi, kwa idadi ya watu tuliokuwa. Sina sababu ya kubisha. Kwetu alikufa mmoja. Na mabomba yale, kwa jinsi tulivyouona ule waya, yangeua; hilo pia sina sababu ya kubisha. Épitace aliitisha kamati na kusema mbele ya watu kwamba Mama alikuwa na haki ya kuzima. Mama alikuwepo. Wengine walipiga makofi, naye aliwaomba waache.

Tangu hapo imekuwa kazi tu. Kila mota, kila jenereta, kila waya wa kambi hii sasa hupimwa kwa zamu, na aliyeanzisha zamu hiyo ni yeye. Pampu ya mkono ya pili ilitengenezwa kwa sababu alikwenda Lilongwe kugonga milango mpaka ikatengenezwa, na matangi mawili ya akiba yaliyo karibu na stoo ni matokeo ya milango hiyohiyo. Tangu siku ile hakuna mtu aliyepigwa na umeme kwenye bomba la Dzaleka. Mwaka huu kisima kilizimwa tena kwa matengenezo, na watu walikunywa kutoka kwenye matangi, na wengi hawakujua hata kama kimezimwa.

Amemfundisha Régine kazi yake. Régine hajui Alhamdu, wala hataki kusikia habari ya Baba Yetu ya Nyandwi. Yeye anahesabu mishono kichwani, kama anashona pindo la sketi, na vipimo vyake ni sahihi. Kuanzia Januari mega itakuwa mikononi mwake.

Mama alikuwa na mpango. Baada ya kustaafu alitaka kurudi Kindu kumwona dada yake, ambaye hawajaonana naye tangu Lukman alipokuwa hai. Alikwisha kununua sanduku la safari. Lakini mwezi wa kumi vita vilishika Uvira, na tangu hapo kila anayefika hapa kutoka kwetu anakuja na habari mbaya kuliko za aliyemtangulia, na njia ya Kigoma haipitiki kwa mtu wa umri wake. Dada hajajibu. Kwa hiyo Mama atabaki Area 18, na daktari wa macho ameahidi kumpasua jicho moja baada ya mvua.

Kabla ya kuipeleka karatasi hii nilimsomea Odette, kwa kuwa yeye na Rosette wamo. Alisikiliza akiwa anapepeta mchele, hakusimamisha ungo. Nilipomaliza nilimwuliza kama kuna la kuondoa.

"Usiondoe kitu," akasema. "Andika kwamba alikuwa na haki. Bantu bajue. Na uandike kwamba mi sijamusamehe. Hata hiyo bajue."

Nilimpelekea Mama Maimouna maneno hayo kibandani, kwa sababu sikutaka ayasikie mara ya kwanza mbele ya watu. Nilimwambia naweza kuyatoa. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti, anafuta macho yake mabovu kwa ncha ya mtandio, na sikujua kama ni ugonjwa au ni kitu kingine.

"Acha vile iko," akasema. "Yeye njo mama yake."

Odette atakuja kwenye sherehe. Ameniambia atakaa nyuma.

Mama Maimouna, kwa niaba ya idara ya maji na umeme, kamati ya maji, karakana ya Kanengo na sisi wote tunaochota kila asubuhi bila kuogopa, tunasema aksanti, tunasema zikomo. Mungu akupe jicho jipya, akuletee neno kutoka kwa dada yako, akupe usingizi ambao hatukukuachia uupate hapa. Kaa vizuri kwako Area 18. Ukifungua bomba la uani, unywe, Mama, na moyo wako utulie.